Majina Kumi na Moja Niliyoyasoma Mstarini

Bahi,
Jumapili mchana

Mwanangu Nyemo,

Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nina kama saa tatu. Nimekaa kwenye meza ya chakula, mabegi yako mawili yako pale mlangoni, na barua hii nimeshaianza mara mbili nikaichana.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za komeo la mlango wa nyumba ya mwalimu. Una miaka thelathini na moja, umefundisha miaka minane, hayo unayajua. Kesho unakwenda Haneti kuwa mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza, na shule uliyopewa ndiyo iliyoshika mkia katika kata yake. Ninalo jambo moja tu la kukuambia. Ningekuwa jasiri ningekuambia jana.

Jana tulikuwa tunachambua maharage. Ukasema, "Mama, mimi nataka niipandishe hii shule kama wewe ulivyoipandisha ile yetu." Nikainuka nikaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote. Nadhani ulifikiri nimefurahi mpaka machozi. Nilikuwa naogopa kukutazama.

Nyemo, ule mwaka unaoukumbuka wewe, ile shule sikuipandisha. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Tulihamia pale ukiwa darasa la tano, mtihani wa la saba wa mwaka huo ukiwa umeshafanyika. Shule ilikuwa ya mwisho, kama hiyo yako. Afisa elimu wa wakati ule alikuja wiki ya pili, akakagua vyoo, akakagua daftari la mahudhurio, akakataa soda. Wakati wa kuondoka aliniambia ananipa mitihani miwili ya darasa la saba. Wa kwanza atanisamehe kwa kuwa ni mgeni. Wa pili ataniuliza. Mtihani wa kwanza ulipita, tukawa wa mwisho tena. Wa pili ulikuwa wa darasa lako.

Mlipomaliza la sita, wilaya nzima ilifanya mtihani wa majaribio. Matokeo yalipokuja niliyachukua nikajifungia ofisini. Chini kabisa kulikuwa na majina kumi na moja. Niliwaita watoto hao mmoja mmoja, nikawapa kitabu cha darasa la pili, nikawaambia wasome ukurasa mmoja. Hakuna aliyeweza. Mmoja alijifanya anasoma, akatunga hadithi kutokana na picha, na ilikuwa hadithi nzuri. Huyo alikuwa Sechelela.

Ndiyo. Seche wako, uliyekuwa unakaa naye dawati moja.

Nilikaa na kile kitabu mikononi. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa madarasani miaka sita na hawajui kusoma. Mwalimu mkuu mwenye akili angejiuliza shule imewapitishaje hapo. Nami nilijiuliza, nisikudanganye tena. Nilijiuliza kwa muda mfupi sana, halafu nikamkumbuka afisa elimu. Nikachukua rula nikapiga mstari chini ya jina la mwisho kabla ya hao. Kisha nikahesabu wastani upya bila wao. Ulikuwa umepanda.

Niliwaita wazazi. Niliwaambia mtoto akirudia darasa la sita ataimarika. Unajua vizuri kwamba kurudia darasa kunaweza kuwa msaada. Kama ningekuwa nimewaandalia mwalimu, na vitabu, na saa moja ya kusoma kila siku, leo ningekuwa naiandika barua hii kwa kujisifu. Sikuwa nimeandaa chochote. Nilitaka tu wasiwemo kwenye orodha.

Baba yake Seche, Mzee Chibago, alikuja ametoka machungani, fimbo akaiacha nje. Nilimweleza. Akasema, "Wewe ndiye unayejua, Mwalimu. Mimi sikusoma." Nikamsogezea karatasi, akaweka dole gumba. Alinishukuru. Mpaka leo nikikumbuka alivyonishukuru nasikia joto usoni.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejaribu kunizuia, Mwalimu Idi, yule wa kutoka Kondoa aliyewafundisha Kiswahili. Siku ya kikao cha walimu kabla ya kufungua shule niliisoma ile orodha, na wenzake wote wakainamia madaftari yao. Yeye akasimama. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "hawa nimewafundisha mimi. Kama hawajui, mwite anayewafundisha. Usiwatoe wao."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akauliza, tukiwatoa hawa tutakuwa tumepandisha nini? Nikamwambia mbele ya walimu wote kwamba kama anaona anaijua kazi yangu, aombe cheo. Akakaa.

Wiki ile ile niliandika barua kwenda kwa afisa elimu. Niliandika kwamba Mwalimu Idi ni mkaidi na anawachochea wenzake. Nyemo, yule mtu hakumchochea yeyote. Mwezi wa tatu uhamisho wake ukaja. Unakumbuka alivyoondoka, godoro limefungwa nyuma ya baiskeli, na nyinyi mkamsindikiza mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Ulirudi unalia. Ulisema kwa nini serikali inawahamisha walimu wazuri. Nilikukatia muwa.

Sasa nikuambie la mstarini. Jumatatu ya kufungua shule, asubuhi, nilisimama mbele yenu na karatasi. Nilisema nitakaowataja waende kwenye mstari wa darasa la sita. Seche alikuwa wa tisa. Nilipolisoma jina lake aligeuka nyuma, akatazama, kama kwamba kuna Sechelela mwingine. Wewe ulikuwa umemshika mkono. Nilikuona ulivyouachia.

Siku hiyo nyumbani uliniuliza, "Mama, mbona Seche hayuko kwetu?" Nami nilikuwa nasonga ugali, sikugeuka. Nikakujibu kwamba ni baba yake ndiye aliyetaka arudie, kwa sababu anamtumia sana kuchunga.

Nilikuwa nimeshaandaa uongo huo tangu asubuhi. Na ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Uliacha kumsalimia Mzee Chibago. Ukikutana naye njiani ulikuwa unapita ng'ambo, na mimi nikakuacha. Alifariki ukiwa chuo, nikakupigia simu, ukasema huna nafasi ya kuja msibani na kwamba mzee yule hukuwahi kumpenda. Nilishika simu nikasikia maneno yanakuja mpaka mdomoni. Nikakuambia nauli imepanda, basi usome tu.

Seche alikaa na wale wadogo wa la sita wiki tatu, akaacha shule. Mwaka ulipoisha, kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamebaki wawili.

Na sisi tukawa wa pili katika kata nzima. Kijiji kilichinja mbuzi. Afisa elimu alinipa cheti mbele ya wakuu wenzangu, akasema wengine waje kwangu wajifunze. Wengine walikuja kweli. Nilikaa nao ofisini nikawaeleza habari za nidhamu na maandalio ya masomo na ushirikiano wa wazazi, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuona orodha ya darasa la sita. Wewe ulifaulu kwa akili yako mwenyewe, hilo usilitilie shaka hata kidogo. Ungefaulu hata kama wale wangekuwemo. Lakini shule haikufaulu.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu. Mwaka uliofuata nilipiga mstari tena, mkono ukiwa mwepesi zaidi.

Kilichonisimamisha kilikuwa Kibaigwa. Nilikwenda na wazee wawili wa kamati ya shule kununua mahindi ya uji wa watoto. Wao wakabaki kwa dalali, mimi nikazunguka sokoni. Nje ya ghala moja kulikuwa na wasichana wanafagia mahindi yanayomwagika kwenye malori na kuyapepeta. Mmoja akaacha ufagio akaja mbio.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa amerefuka. Alifurahi kuniona, Nyemo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Aliniuliza habari zako kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nikamwambia uko sekondari. Akasema alijua tu. Kisha akatoa kikaratasi kilichokunjwa kwenye ncha ya khanga, akaangalia huku na huku, akasogea karibu.

"Nisomee hii, Mwalimu. Nimepewa asubuhi. Naona haya kuwauliza hawa."

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilikifungua. Kilikuwa na maneno matano. Mpe huyu pumba, magunia mawili. Nilikisoma kwa shida, macho yalikuwa hayaoni vizuri. Pumba ilikuwa ujira wake wa wiki, na alikuwa ameishika ile karatasi tangu asubuhi bila kujua aipeleke wapi.

Nikamsomea. Akanishukuru, kama baba yake. Akakimbia kuelekea ghala la pumba, na mimi nikabaki nimesimama. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na nafasi, alikuwa mbele yangu, na nikasema tu "haya, mwanangu" kama mtu mwema.

Njia nzima ya kurudi wale wazee waliongea bei ya mahindi. Mimi nilikuwa nahesabu miaka. Alikaa shuleni sita. Mwaka wa mwisho ulikuwa wangu.

Likizo ya mwezi wa sita nilikuambia nakwenda Dodoma kwenye semina. Nilikwenda Kondoa. Nilimkuta Mwalimu Idi nyumbani kwao mlimani anaanika alizeti. Mkewe akaleta chai. Nikamwambia yote, pamoja na ile barua niliyoandika, ambayo hakuwa ameiona. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atakasirika, au atasema yamepita. Alisema, "Nimekusikia, Mwalimu." Basi. Akanimiminia chai nyingine.

Nilimwomba arudi. Akakataa. Nikamuuliza nifanye nini, na nilipouliza nilijisikia kama mwanafunzi aliyechelewa. Akafikiri. Akasema kosa halikuanzia la sita, lilianzia la kwanza. Akaniuliza nani anafundisha la kwanza. Nikamtajia Mwalimu Penina. Akaniuliza kwa nini Penina.

Jibu nilikuwa nalijua. Penina alikuwa amewahi kunibishia kikaoni. Nilimpeleka la kwanza kama adhabu. Kila mwalimu niliyekuwa simpendi nilimpeleka la kwanza, na wale hodari niliwaweka la saba karibu na mtihani. Nilikuwa nimepanga shule yangu yote kwa ajili ya siku mbili za mwezi wa tisa.

Idi akasema, "Anza huko chini. Na usimtume mtu. Nenda wewe."

Nilipofungua shule niliingia la kwanza, nikajipangia vipindi vya kusoma kila asubuhi. Walimu walicheka. Mwalimu mkuu anaimba a, e, i, o, u! Nilikuta watoto mia moja na kumi na vitabu sita. Na nilimkuta Penina, niliyemdhania mvivu, amejitengenezea herufi kwa vifuniko vya soda na vipande vya maboksi, anawajua watoto wote kwa majina, sauti yake imekauka. Siku ya kwanza alidhani nimekuja kumkagua. Akavunja chaki mbili. Nikamwambia nimekuja kufundisha nusu ya darasa, anionyeshe namna. Hakuniamini. Ilimchukua muhula mzima kuniamini, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Nilijifunza kufundisha kusoma nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, Nyemo. Kutoka kwa mtu niliyemwadhibu.

Nikafuta pia ule mstari wa rula. Darasa la saba likafanya mtihani lote, wanaojua na wasiojua. Nilijua kitakachotokea na kikatokea. Tulianguka mpaka mwisho kabisa. Wale waliochinja mbuzi wakaanza kusema nimelogwa, wengine wakasema nimelewa sifa. Walimu wa la saba walinikasirikia, na walikuwa na haki, maana matokeo yalisomwa na majina yao.

Niliitwa kwenye kikao cha wakuu wa shule wa wilaya. Afisa elimu, yule yule aliyenipa cheti, alinisimamisha. Alisema shule imenifia mikononi. Aliuliza mbele ya wote nilikuwa nafanya nini mwaka huo, au nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimevaa ile blauzi yangu ya bluu. Ningeweza kusema ukame. Ningeweza kusema upungufu wa walimu. Wenzangu walikuwa wanasema hivyo na wanaruhusiwa kukaa.

Nikasema, "Mwaka ule tulipokuwa wa pili, niliwaondoa watoto kumi na mmoja wasiojua kusoma. Mwaka huu sikumwondoa mtu."

Hakuna aliyenitazama. Baadaye nilielewa kwa nini. Kulikuwa na wengi mle ndani wenye rula.

Afisa akasema tutaongea pembeni. Pembeni aliniambia nimemdhalilisha, na kwamba kama nilikuwa na la kusema ningelisema ofisini kwake. Nilipewa barua ya onyo. Niliambiwa mwaka ukiisha vile vile, nitavuliwa cheo. Baba yako aliniuliza kwa nini nisirudi tu kwenye njia ya zamani mpaka mambo yatulie. Tuligombana wiki nzima. Wewe ulikuja likizo ukadhani tunagombana kwa ajili ya ada yako.

Mwaka uliofuata hatukuwa wa mwisho. Tulikuwa wa tatu kutoka mwisho, na hilo tu ndilo lililoniokoa. Halafu afisa akahamishwa, na mpya hakujua habari zangu. Ilichukua mpaka wale wa vifuniko vya soda walipofika la saba ndipo shule ikasimama. Walipofika, kila mtoto aliyefanya mtihani aliweza kusoma swali. Wengine walifeli, ndiyo, lakini walifeli swali walilolisoma. Siku hiyo hakuna aliyechinja kitu. Tulikuwa wa tano. Mimi na Penina tulikaa ofisini tukanywa chai, yeye akalia kidogo, kisha akaenda kupiga kengele ya kipindi.

Ndiyo maana jana niliondoka pale kwenye maharage. Ulikuwa unaniambia unataka kufanya kama mimi, na ninajua afisa wako atakuambia nini wiki ya pili. Atakupa muda. Hutalala vizuri. Na siku moja utakuwa umejifungia ofisini na karatasi ya matokeo, na rula iko pale pale, na itakuwa rahisi kuliko unavyofikiri. Hakuna atakayekukamata. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mimi sikuwahi kukamatwa.

Sikuambii usiipandishe shule. Ipandishe. Ila siku ya kwanza, kabla hujafungua faili lolote, nenda la kwanza ukakae nyuma. Muulize mwalimu uliyemkuta huko alifikaje huko. Na akisimama mtu kikaoni akakubishia kwa sauti ya chini, mwache amalize. Mimi nilimkatiza mmoja, na ilinibidi nipande mpaka Kondoa kwenda kusikia mwisho wa sentensi yake.

Nasikia sasa pikipiki huko barabarani, huenda ni wewe. Nimalize.

Nimewaambia habari hii watu wengi. Nimemwambia Idi, nimewaambia wakuu wa shule wilaya nzima, nimemwambia mchungaji, na Mungu anaijua. Watu wawili sijawahi kuwaambia, na ndio wawili niliowakosea zaidi. Mmoja ni wewe, na sasa unajua. Najua leo utataka kuniuliza kwa nini nilikuacha umchukie Mzee Chibago mpaka akafa. Uliza. Sina jibu zuri, lakini nitakaa nikusikilize, na sitainuka kwenda jikoni.

Kesho asubuhi tutapanda gari pamoja mpaka stendi ya Dodoma, kama tulivyopanga. Nilikuambia nitakuona ukipanda la Haneti kisha nitarudi nyumbani. Sitarudi. Kaka yake Seche ameniambia kwamba dada yake ana kibanda cha chakula karibu na soko la Kibaigwa, ana watoto wawili, na mkubwa anaanza shule mwaka huu. Ukishaondoka nitavuka upande wa pili wa stendi nipande gari la kwenda kwake. Sijui atanipokeaje. Bado hajui kwamba yapo ya kunisamehe.

Mimi mama yako.